Nani Alilipeleka Tope la Rufiji Kwenye Oveni?

Kosa liko kwenye oveni, si kwenye mashine. Tope la mikokoni Nyamisati, Kibiti, katika delta ya Rufiji, likichimbwa hutoka jeusi tii, linanuka yai viza. Liachwe hewani ndani ya mtumbwi, litaanza kugeuka kahawia. Weusi ule ni salfaidi ya chuma, yaani chuma(II). Ukahawia ni kutu, chuma(III). Mvuvi wa kaa huiona tofauti hiyo kwa macho. Maabara huifuta kwa uamuzi mmoja: tope linakaushwa kwa nyuzi 105, linasagwa, linachemshwa kwa asidi, ndipo lipelekwe kwenye AAS, mashine ya kupima metali kwa ufyonzaji wa mwanga wa atomi.

Hapo ndipo mchambuzi wa safu hii hukunja uso, na si leo tu. AAS huvunja kila kitu kuwa atomi ndani ya mwali. Inahesabu chuma chote, haijui kiliingia kikiwa katika hali gani. Namba ni sahihi. Tatizo ni ripoti inayoichukua namba hiyo na kutangaza kwamba chuma cha delta ni kichocheo. Kwa ushahidi upi? Kichocheo hujulikana kwa mzunguko wake. Fenton alionyesha mwaka 1894 kwamba chuma(II) pamoja na haidrojeni peroksaidi huzaa uoksidishaji mkali. Chuma hugeuka (III), kisha bakteria au salfaidi hukirudisha kuwa (II), kazi ianze upya. Deltani maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na mashimo ya kaa na mizizi ya mikoko hupeleka oksijeni chini. Huo ndio mchezo wenyewe, na oveni huumaliza kabla ya kipenga.

Hatua nyingine za vipimo hivyo, yaani uchukuaji wa sampuli, uoshaji wa vyombo, mstari wa viwango: safi.

Wazee wa kemia hawakulikwepa swali la hali ya chuma. Stookey, mwaka 1970, alileta ferozini: hushika chuma(II), hugeuka zambarau, husomwa kwenye nanomita 562. Ongeza haidroksilamini, inayogeuza chuma(III) kuwa (II), soma tena. Ziada ndiyo chuma(III). Spektrofotomita ya kawaida inatosha. Ugunduzi wa Mössbauer wa 1958 nao ulizaa njia ya kutofautisha hali za chuma bila kuyeyusha tope. Siku hizi fedha za mashine mpya hupatikana, za naitrojeni ya kufungia chupa ili oksijeni isiingie hazipatikani.

Na swali hilo sasa lina uzito zaidi: Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lilianza kujazwa Desemba 2022, na bwawa lolote huzuia sehemu ya matope ya mto. Atakayetaka kujua chuma cha Kibiti kimebadilikaje atahitaji vipimo vya tope bichi, lililofungwa palepale mtumbwini.