Neno soon na Jamaa Zake

Katika maneno ya Kiingereza yaonekanayo mepesi, wala hayafasiriki kwa neno moja, limo neno soon. Mwanafunzi hulijua tangu mwaka wake wa kwanza, na orodha za maneno humpa tafsiri zake: upesi, karibu, punde, sasa hivi. Chini yake huandikwa presently, shortly, directly, anon na by and by, kana kwamba yote ni ya maana moja. Twaona orodha za namna hii zina kosa, tena si dogo, maana humfanya msomaji aelewe kinyume cha yale aliyoandikiwa.

Tuanze na upesi. Upesi ni namna ya kutenda. Soon ni kadiri ya wakati uliobaki. Mtu aweza kuondoka punde, akaenda polepole. Mwingine hukawia kuondoka, kisha akaenda upesi. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba hayo mawili ni sawa ataandika he ran soon, akitaka kusema kwamba mtu yule alikwenda mbio. Na Mwingereza akisema mgeni amefika too soon, halaumu mwendo wa mgeni, bali asema amefika mapema mno. Tena akisema he would sooner starve than beg, hapo hakuna habari ya wakati kabisa. Maana yake ni afadhali njaa kuliko kuomba. As soon as nayo haitaki jina la wakati katika Kiswahili; yatosha kusema alipofika tu, au mara alipofika.

Lakini jambo la pili ni zito zaidi. Soon katika Kiingereza cha kale lilikuwa sona, na maana yake ilikuwa papo hapo. Anon lilitokana na maneno mawili yenye maana ya katika moja, yaani kwa mara moja. Presently na by and by pia zamani zilikuwa na maana ya papo hapo. Yote manne yameteleza kwa njia moja, kutoka sasa hata baadaye. Sababu yake si ngumu kuitambua. Mtu huahidi kwa neno la sasa, akatenda kwa wakati wake mwenyewe; naye asikiaye hujifunza kulipima neno kwa tendo. Neno likiisha kulegea, watu hutafuta lingine lenye nguvu, kama immediately au at once. Huko Afrika Kusini wasemao Kiingereza hutumia just now kwa jambo litakalokuja baada ya kitambo, na mgeni atokaye Uingereza hushangaa.

Wala tusiwacheke. Mwenye nyumba akijibu kutoka jikoni, "Naja sasa hivi," mgeni hujua kwamba yampasa kukaa kitako. Wazee wetu walijua ugonjwa huu, wakasema: Ngoja ngoja huumiza matumbo. Na maneno yetu yana mitego yake. Njoo mara moja aweza mtu kuelewa kuwa ni bila kukawia, au kuwa ni kwa kitambo kidogo tu. Hivi karibuni huelekea nyuma na mbele pia, hata kitendo kiseme kama ni amefika au atafika.

Hatari huonekana hasa kwa wale wasomao Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611. Darasa moja lilikuwa likisoma sura ya 6 ya Marko, na mwanafunzi mwerevu akafasiri kwamba binti wa Herodia alitaka apewe kichwa cha Yohana baadaye. Mwalimu akanyamaza, maana orodha yake ilisema by and by ni baadaye. Kumbe neno la Kiyunani lililo chini yake lina maana ya saa ile ile, na habari yenyewe yaeleza kwamba binti aliingia kwa haraka. Ukiweka baadaye, mfalme amepewa nafasi ya kufikiri na kujuta, na ukali wa habari umepotea. Vivyo hivyo katika sura ya 21 ya Mathayo: mtini uliokauka presently ulikauka papo hapo, si baada ya siku kadhaa. Wale waliotengeneza upya Agano Jipya la Kiingereza mwaka 1881 waliliona tatizo hili. Katika Marko waliweka forthwith, na katika Mathayo immediately. Hawakufanya hivyo kwa kuwa wa kwanza walikosea, bali kwa kuwa maneno yalikuwa yamehama.

Basi mwalimu afanyeje? Kwanza, asimpe mwanafunzi neno pasipo sentensi. Pili, aulize: kitabu hiki ni cha mwaka gani, na msemaji ni wa nchi gani? Presently kwa Mwingereza wa leo ni baada ya kitambo, lakini kwa Mmarekani na Mskoti mara nyingi ni wakati huu tulio nao. Tatu, aulize kama tendo limekwisha kuanza au bado, maana hapo ndipo sasa na punde huachana. Maswali haya yakijibiwa, tafsiri huja yenyewe, nayo mara nyingine itakuwa kitendo kizima wala si neno moja.

Orodha yafaa kwa mwenye kuanza, kama fimbo imfaavyo mtoto anayejifunza kutembea. Lakini mwalimu anayeishikilia hata uzeeni atakuja kumwambia mwanafunzi wake kwamba jambo lililotendeka papo hapo halijatendeka bado.