Dau au Amana? Hoja ya Pascal Mbele ya Mkulima wa Zombe

Utangulizi

Miongoni mwa hoja zinazotumiwa kuwavuta watu katika dini, huenda hakuna iliyoenea kama ile isemayo kwamba kumwamini Mungu ni jambo la salama. Mungu akiwapo, aliyeamini amepata yote. Asipokuwapo, aliyeamini hakupoteza kitu. Hoja hii husikika sokoni, katika magari ya abiria na katika mikutano ya injili, mara nyingi bila ya msemaji kujua ilikotoka.

Makala haya yanakusudia kuihakiki hoja hiyo kwa vipimo viwili. Cha kwanza ni msamiati wa imani katika Kiswahili, pamoja na utenzi mmoja mashuhuri wa pwani. Cha pili ni maisha ya mkulima wa Zombe, mashariki ya Kitui, nchi kame ambako kubahatisha ni sharti la kula. Dai letu ni kwamba hoja hii inachanganya vitu viwili ambavyo Kiswahili kimevitenga kwa majina, yaani dau na amana. Mchanganyo huo si kosa la wanafalsafa peke yao. Umekwisha kuwagharimu watu wa Kenya mali zao, na wengine uhai wao.

Asili ya hoja

Hoja hii kwa kawaida huhusishwa na Blaise Pascal (1623–1662), mwanahisabati wa Ufaransa. Mwaka 1654 Pascal na mwenziwe Pierre de Fermat waliandikiana barua kuhusu swali la wacheza kamari: mchezo ukikatizwa kabla ya kwisha, dau ligawanywe vipi ili kila mtu apate haki yake? Barua hizo zinahesabiwa kuwa miongoni mwa misingi ya hisabati ya uwezekano. Hoja juu ya Mungu imo katika maandishi aliyoyaacha, yaliyochapishwa mwaka 1670 baada ya kifo chake kwa jina la Pensées, yaani Mawazo.

Pascal anakiri kwamba akili haiwezi kukata shauri kama Mungu yupo au hayupo. Hata hivyo, anasema, binadamu hana ruhusa ya kukaa kando, kwa kuwa amekwisha kupakiwa chomboni na safari imeanza. (Kwa sadfa njema, katika Kiswahili dau ni kile kinachowekwa na mcheza kamari, na pia ni chombo cha baharini.) Basi na apime: upande mmoja upo uhai usio na mwisho, upande wa pili zipo anasa chache za dunia. Faida isiyo na mwisho ikilinganishwa na hasara yenye mwisho, mwenye busara ataweka dau lake kwa Mungu.

Ingekuwa dhuluma kuidhania hoja hii kuwa mali ya Ulaya tu. Mwaka 1920 mtaalamu wa Hispania, Miguel Asín Palacios, alionyesha kwamba Waislamu walikuwa wameitumia karne nyingi kabla ya Pascal. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, anaisimulia na kuinasibisha na Ali bin Abi Talib, katika majibizano yake na mtu aliyekana ufufuo. Ghazali si jina geni katika darsa za pwani yetu. Kwa hiyo hoja hii tunayo haki ya kuihoji kama kitu chetu wenyewe.

Ushahidi wa lugha

Tuanze na maneno. Dau ni mali ya mwenye kuliweka. Analiweka kwa hiari yake, kwa kutazamia faida yake, na likipotea ni hasara yake. Kwa upande mwingine, maneno imani, amini, mwaminifu na amana yote yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu. Amana ni kitu cha mwingine kilichowekwa mikononi mwangu. Sina haki ya kukichezea. Nikikitunza sistahili zawadi, maana nimetimiza wajibu tu. Nikikipoteza, nimemkosea aliyeniamini.

Kiswahili kimekwenda mbele zaidi. Kwetu neno imani lina maana ya pili, nayo ni huruma. Mtu asiye na imani huenda akawa anahudhuria ibada kila juma. Tunachosema juu yake ni kwamba hana moyo wa kumhurumia mwenziwe. Lugha haithibitishi kuwa Mungu yupo au hayupo, lakini inatuonyesha wazungumzaji wake wanaielewaje imani. Katika Kiswahili imani ni uhusiano: humwelekea yule anayeaminiwa, na humwelekea jirani anayehurumiwa. Mwenye dau hahitaji hata mmoja kati ya hao wawili. Anahitaji hesabu tu.

Hapa huenda mtu akatukumbusha Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, uliotungwa mwanzoni mwa karne ya 19. Je, mshairi huyu hakutumia lugha ya faida na hasara? Ni kweli alitumia. Anaufananisha ulimwengu na bahari yenye misukosuko na miamba, na anayeisafiri huishia katika hasara. Lakini tukiuchunguza mpango wa utenzi wenyewe tutaona kwamba mshairi hapigi kamari. Anapousuta moyo wake hauambii kwamba huenda Akhera ipo, basi afadhali tujihadhari. Anauongoza hadi kwenye magofu ya Pate, katika majumba yaliyokuwa na taa na watumishi, ambayo sasa yamekuwa makao ya ndege na popo. Hoja yake imesimama juu ya kile ambacho kila mtu wa Pate aliweza kukiona kwa macho. Vitisho vya Jehanamu vinakuja mwishoni, baada ya moyo kuonyeshwa kwamba anasa iliyodhaniwa kuwa kubwa ilikuwa ndogo tangu mwanzo. Pascal anatuomba tuache kidogo ili tupate kingi. Mshairi wa Pate anatuomba tutambue tulicho nacho ni nini. Hizo ni hoja mbili tofauti, na ya pili ina uzito hata kwa msomaji asiyetarajia malipo.

Mkulima na mbegu yake

Sasa tuhamie bara, kwa mtu ambaye maisha yake yote ni kubahatisha. Zombe hupata mvua mara mbili kwa mwaka, na zile za Oktoba hadi Desemba ndizo zinazotegemewa zaidi. Wakulima wengi wa Ukambani huitia mbegu ardhini kabla ya mvua, udongo ungali mkavu, ili tone la kwanza lisipotee. Mvua ikichelewa, mbegu huliwa na wadudu au huoza. Hakuna awezaye kumfundisha mtu huyu maana ya dau.

Lakini tutazame jinsi anavyoliweka. Kwanza, hapandi mbegu yote. Hubakiza nyingine ghalani, kwa sababu anajua kwamba msimu mmoja ukikataa upo mwingine. Pili, huchanganya: mtama, mawele, kunde, mbaazi, ndengu, na mahindi kwa yule anayethubutu. Tatu, anabahatisha juu ya jambo ambalo yeye na wazee wake wamelishuhudia mara nyingi. Nne, majibu humfikia baada ya majuma machache, naye hujirekebisha.

Hoja ya Pascal inakosa yote manne. Inamtaka mtu aweke dau maisha yake mazima, kwa kuwa mbele ya faida isiyo na mwisho kila akiba ni ujinga. Haimruhusu kuchanganya. Haina misimu iliyopita ya kupimia. Tena majibu yake hayamrudii jirani, maana hakuna aliyevuna huko akaja kusimulia. Mtu anayeishi kwa kubahatisha angelikuwa wa kwanza kuitilia shaka kamari ya namna hiyo.

Swali la kuchanganya linatupeleka kwenye pingamizi kongwe. Denis Diderot aliandika katika karne ya 18 kwamba imamu angeweza kuitoa hoja hii sawasawa na Pascal. Mwaka 1896 William James naye aliuliza: Mahdi akituandikia kwamba yeye ndiye tunayemngoja, na kwamba tukimkubali tutapata raha isiyo na mwisho, mbona hoja ileile haitusukumi kwake? Katika Ukambani swali hili limeishi kwa vitendo. Tangu Africa Inland Mission ilipoanza kazi Nzaui mwaka 1895, wapo waliokwenda kanisani na bado, ukame ulipozidi, hawakuisahau ithembo, mahali pa sadaka pa wazee. Hesabu ya Pascal haina jibu kwao, kwani anayeamini kwa tahadhari ana sababu ya kujitahadhari kila upande. Methali imekwisha kusema: mshika mbili moja humponyoka.

Lipo hata hivyo jambo la kuzingatiwa katika sadaka zile. Zilitolewa kwa niaba ya watu wote, na mvua iliyoombwa ilikuwa ya mashamba yote. Tena jina mojawapo la Mungu katika Kikamba, Mumbi, ni ndugu wa neno letu Muumba: linamtaja kwa kazi yake ya kuumba, wala halimtaji kama mlipaji.

Mbiti na wakati ujao

Haiwezekani kuzungumzia jambo hili bila ya kumtaja John Mbiti (1931–2019), mwana wa Mulango, Kitui. Katika African Religions and Philosophy (1969) alitumia maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, kueleza dhana ya wakati katika Afrika, akadai kwamba wakati ujao wa mbali haukuwa na nafasi katika fikira za jadi. Katika kitabu cha 1971 kuhusu mafundisho ya mambo ya mwisho alionyesha jinsi Wakamba Wakristo walivyoyapokea maneno kama moto, hazina na mbingu kwa maana ya vitu vya kushikika. Mbiti akiwa sawa, dau la Pascal halikuwa na mahali pa kuwekwa Ukambani, kwa kuwa faida yake yote iko katika wakati usiokuwapo.

Sisi tunaona kwamba Mbiti alizidisha. Mtu anayechimba matuta ya fanya juu, kama walivyofanya watu wa Machakos na Makueni, anauona wakati ujao vizuri sana. Anayepanda mwembe anajua nani atakayekula maembe. Lakini dai la Mbiti lina kiini cha kweli: wakati ujao unaotunzwa hivyo ni wa watoto na wajukuu. Ni amana. Pascal anazungumza na mtu mmoja kuhusu faida ya mtu mmoja.

Gharama yake

Msomaji anaweza kuuliza kuna hatari gani katika hoja inayowaingiza watu kanisani. Tutataja mambo mawili. La kwanza ni mahubiri ya "kupanda mbegu", ambapo maskini huambiwa atume fedha ili Mungu amrudishie maradufu. Neno la mkulima limeporwa, na maana yake imepinduliwa: mkulima hapandi mbegu yake ya mwisho katika shamba la mtu mwingine.

La pili ni Shakahola. Mwezi Aprili 2023 makaburi yalianza kufukuliwa katika msitu huo wa Kaunti ya Kilifi, na miili zaidi ya 400 ilipatikana, mingi ikiwa ya watu waliokufa kwa njaa, na miongoni mwao watoto. Ilielezwa kwamba waumini walifundishwa kufunga kula ili wakutane na Yesu. Pascal asingekubali jambo hilo hata kidogo. Lakini hesabu yake haina kizuizi cha kulikataza. Pepo isipokuwa na mwisho, basi chakula, shamba, hata mtoto, vyote ni vitu vyenye mwisho, na hesabu husema vitolewe. Haiulizi kama mhubiri anaaminika. Kinachoweza kumzuia mzazi ni imani ile ya maana ya pili, yaani huruma, pamoja na kujua kwamba mtoto ni amana na hakuna aliyepewa ruhusa ya kumfanya dau.

Hitimisho

Kwa haki yake, Pascal aliitoa hoja hii kama mlango tu. Alimshauri msikilizaji wake ashike mwendo wa waumini mpaka moyo ulainike. Kama mlango ina manufaa: humwondolea mtu uvivu wa kutofikiri juu ya jambo kubwa. Ubaya unaanza pale mlango unapofanywa kuwa nyumba.

Je, kumwamini Mungu kama dau la salama kuna maana? Tumeona kwamba dau hilo si la salama, kwa kuwa halina mpaka wa hasara, na kwamba kinachopatikana kwalo hakistahili kuitwa imani kwa maana inayojulikana na Kiswahili. Anayeamini na asiyeamini wanaweza kukubaliana juu ya jambo hili moja. Anayeamini kweli hakuweka dau. Amepokea kitu cha kutunza, nao majirani zake wanaona kama anakitunza. Asiyeamini naye ana amana zake, na ataulizwa juu yake na watoto wake, hata kama hakuna mwingine wa kumuuliza.