Mwalikwa, Mgeni na Mhojiwa: Uhakiki wa Istilahi za Mwaliko wa Podikasti

Neno podikasti limekwisha kukaa katika Kiswahili, na makala haya hayakusudii kuling'oa. Asili yake ni neno la Kiingereza lililotokea mwezi Februari 2004 katika makala ya Ben Hammersley, gazeti la The Guardian la Uingereza. Neno hilo limeunganisha jina la iPod, chombo cha kusikilizia muziki, na kipande cha neno lenye maana ya utangazaji. Mwaka 2022 kampuni ya Apple ilitangaza kuacha kukitengeneza chombo hicho, lakini jina lake lingali likisikika ndani ya neno ambalo watumiaji wengi hawakumbuki lilikotoka. Kwa kuwa podikasti hutamkika bila taabu na limekwisha kuzoeleka, tuliache lilivyo.

Linalohitaji uhakiki ni kundi la maneno yanayolizunguka, hasa yale yatumikayo wakati wa kumtafuta mtu na kumwalika aje azungumze. Istilahi ya mwaliko ikikosewa, mtu hukubali jambo asilolijua, au hukataa jambo ambalo angelipenda kulifanya. Kwa sababu hiyo mfasiri wa barua ya namna hii, hata ikiwa ya mistari kumi tu, ana wajibu mzito.

Mtaalamu na mjuzi

Aghalabu waandaaji husema kwamba wanatafuta mtaalamu. Neno ni zuri, lakini matumizi ya ofisini yamelifinya, hata mtaalamu siku hizi akawa ni mwenye shahada au cheo. Tuchukue mfano wa kipindi juu ya uundaji wa majahazi. Mwandaaji akiandika katika mpango wake "mtaalamu wa vyombo vya bahari", yaelekea atapiga simu chuo kikuu. Akiandika "mjuzi wa majahazi", huenda akafika Nungwi, kisiwani Unguja, kwa fundi ambaye ametia kalafati tangu ujana wake. Wote wawili wana la kusema, lakini neno la kwanza limemwondoa fundi kabla hajatafutwa.

Hatusemi kwamba mtaalamu litupwe. Yafaa litumike pale elimu ya darasani inapotakiwa, na mjuzi litumike pale panapotakiwa ujuzi wa mkono na wa maisha, kama wa mkunga wa jadi, mvuvi au mfinyanzi. Ama kusema "kusaka wageni" au "kuwinda wageni", hiyo ni lugha ya msako na ya mwituni, nayo haifai katika barua ya heshima. Kutafuta latosha.

Mwalikwa, mgeni na mwenyeji

Kiswahili kina mwalikwa na kina mgeni, na tofauti baina yao ina faida kubwa. Mwalikwa ni yule aliyepelekewa mwaliko, awe ameitikia au hajaitikia. Mgeni ni yule aliyekwisha kuitikia, akapiga hodi, akakaribishwa. Barua inayomwita mtu "mgeni wetu wa wiki ijayo" kabla hajajibu humfunga kwa adabu, kwani si rahisi kwa mtu aliyelelewa katika desturi zetu kukataa baada ya kuitwa mgeni. Hapo heshima imegeuzwa kamba. Tunapendekeza kwamba katika barua ya kwanza, na katika orodha za ofisini, litumike mwalikwa; mgeni lingoje jibu.

Mgeni rasmi lisitumike kabisa kwa maana hii. Katika Tanzania mgeni rasmi ni kiongozi anayefungua mkutano, anayetoa hotuba na kugawa vyeti. Mwalimu wa shule ya msingi akialikwa kuwa mgeni rasmi wa podikasti, ataandaa hotuba, wala hatakuwa amekosea, maana ameisoma barua kama ilivyoandikwa.

Kuhusu anayeongoza mazungumzo, wako wanaolikataa mwenyeji kwa kudhani kwamba ni tafsiri ya neno kwa neno kutoka Kiingereza. Hofu hiyo haina msingi. Mwenyeji na mgeni ni jozi ya kale katika lugha yetu, na methali yasema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo yatukumbusha kwamba anayepata faida ya ujio ni mwenye nyumba, na ndivyo ilivyo katika podikasti, ambayo bila mgeni haina la kusema. Mtangazaji ni jina la kazi. Mwenyeji ni jina la wajibu, kwani humlazimu mwenye kipindi kumwandalia mgeni, kumsikiliza, na kutomfedhehesha mbele za watu. Tukilichukua neno, tuuchukue na wajibu wake.

Mhojiwa

Kuhoji ni kuuliza maswali, lakini si kuuliza kwa upole tu. Polisi humhoji mtuhumiwa, na mbunge huhoji matumizi ya fedha za umma. Bibi wa miaka sabini akiletewa barua isemayo "tungependa kukuhoji", ana haki ya kuuliza amekosa nini. Usaili nalo halifai, kwa kuwa limekwisha kutengwa kwa ajili ya waombaji wa kazi. Kwa mtu anayealikwa kusimulia maisha yake au kueleza ujuzi wake, neno lifaalo ni mazungumzo.

Hata hivyo, neno la upole nalo laweza kudanganya. Afisa wa serikali anayeitwa kueleza sababu za kuchelewa kwa mradi wa maji asiambiwe kwamba anakwenda kwenye mazungumzo. Huko ni kuhojiwa, na barua iseme hivyo waziwazi, ili aende na takwimu zake. Zaidi ya hayo, barua imweleze kama anaalikwa kwa wadhifa wake au kwa nafsi yake. Akialikwa kwa wadhifa, yeye ni msemaji wa ofisi na huenda akahitaji kibali. Akialikwa kwa nafsi yake, maneno yake yasije yakachukuliwa kuwa ya wizara.

Kurusha, kupakia na ridhaa

Kosa lenye madhara makubwa zaidi ni kutumia maneno ya redio mahali ambapo hakuna redio. Tangu utangazaji ulipoanza Dar es Salaam mwaka 1951, wasikilizaji wamezoea kwamba kipindi kikipita kimepita, isipokuwa kirudiwe. Mwalikwa akiambiwa kwamba maneno yake "yatarushwa hewani", atadhani kwamba yatasikika mara moja na kwisha. Podikasti haiendi hivyo. Hurekodiwa, huhaririwa, kisha hupakiwa mtandaoni, ambako mtu yeyote aweza kuipakua leo au baada ya miaka kumi, na hata kukata kipande cha sekunde chache na kukisambaza peke yake. Basi vitenzi vitatu, kurekodi, kuhariri na kupakia, viwemo katika kila mwaliko, na kwa mpangilio huo.

Kutokana na hayo hutokea hati ya makubaliano. Mfasiri anayefuata Kiingereza neno kwa neno ataiita "fomu ya kuachia", na msomaji atajiuliza ni mahabusu gani anayeachiwa. Tunalo neno ridhaa, lenye uzito wa kisheria. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022, zinaitambua ridhaa ya mhusika. Basi iitwe hati ya ridhaa, nayo ieleze mtu anaridhia nini.

Hoja ya kupinga

Huenda wengine wakasema kwamba watu wanaelewana, na kwamba kuchambua maneno haya ni kazi ya bure. Kuelewana huko ni kwa waliozoea studio. Mwandaaji huelewana na mwanasiasa na msanii, ambao wameketi mbele ya vinasa sauti mara nyingi. Anayedhurika ni yule anayealikwa kwa mara ya kwanza, ambaye hana njia nyingine ya kuujua mkataba ila maneno ya barua. Lugha ya taifa yapaswa kumlinda huyo kwanza.

Kwa kuhitimisha, tunawapendekezea wafasiri na maafisa kiini cha barua kama hiki: "Tunakualika kwa nafsi yako tuzungumze juu ya kazi yako. Mazungumzo yatarekodiwa, yatahaririwa, na kupakiwa mtandaoni, ambako yataweza kusikilizwa wakati wowote. Una hiari ya kukubali au kukataa. Ukikubali, tutakupatia hati ya ridhaa uisome kabla ya siku ya kurekodi." Kiini hiki hakina neno jipya hata moja, na mwalikwa akiisha kukisomewa atakuwa amejua anachoombwa.