Heksani Iliyopasua Mitaa ya Louisville

Alfajiri ya Februari 13, 1981, wanawake wawili waliokuwa wakienda kazini hospitalini walipita kwa gari chini ya daraja la reli jijini Louisville, Marekani. Gari lao likatoa cheche. Milipuko ikafuatana mtaa hadi mtaa, na zaidi ya kilomita 3 za barabara zikabaki mashimo matupu. Cha ajabu, hakuna aliyekufa.

Gari halikuwa na kosa. Kiwanda cha Ralston Purina, kilichotumia kimiminika kiitwacho heksani kutoa mafuta kwenye soya, kilikuwa kimeiacha ivuje hadi kwenye mabomba ya majitaka yaliyo chini ya mitaa hiyo.

Viwanda vinaipenda heksani kwa sababu moja: huyeyusha mafuta ya soya iliyopondwa, kisha ikipashwa moto huondoka upesi kama mvuke, ikapozwa na kurudishwa kazini. Huchemka kwenye nyuzi 69 tu za Selsiasi. Wepesi huohuo wa kugeuka mvuke ndio balaa yake. Hata kwenye nyuzi 22 chini ya sifuri hutoa mvuke wa kutosha kushika moto, na mvuke wenyewe ni mzito karibu mara tatu kuliko hewa. Haupai, hutambaa sakafuni, ukaingia mitaroni na kwenda kuwakia mbali. Ukifika takriban asilimia 1.1 ya hewa, cheche ndogo inatosha.

Ndiyo maana bango la kukataza sigara, peke yake, ni mzaha. Aliyewasha moto Louisville hakuwa hata mfanyakazi wa kiwanda! Kinachodhibitika ni mvuke: mitambo ifungwe barabara, vipima gesi viwekwe karibu na sakafu, mitaro ya kiwanda isiungane moja kwa moja na ya mji. Wakati wa kumimina, vyombo vyote viwili viunganishwe kwa waya hadi ardhini, kwani kimiminika kikipita bombani huzalisha umeme tuli. Moto ukizuka, zima kwa povu au poda. Heksani huelea juu ya maji, na maji ya mpira huusambaza moto.

Kisha kuna madhara yasiyo na mlipuko. Huko Suzhou, China, wafanyakazi wa kampuni ya Wintek walifutia heksani vioo vya bidhaa za Apple kwa kuwa hukauka haraka kuliko spiriti. Katika ripoti yake ya 2011, Apple ilikiri kwamba 137 kati yao walidhurika. Sumu hiyo hushambulia neva za mikono na miguu.

Tukirudi Louisville, Ralston Purina ilikiri makosa mahakamani. Faini ilikuwa dola 62,500. Matengenezo ya mabomba yaliigharimu mamilioni ya dola.