Kombora Lililokosa

Niliitazama Shout at the Devil katika chumba cha gesti Kibiti, kompyuta ikiwa juu ya mto na feni ikizunguka kwa kusuasua. Nje, mabasi ya Lindi na Mtwara yalikuwa yakisimama, na vijana wakikimbilia madirishani na korosho, machungwa na maji. Nilitaka kuitazama hapo hapo kwa sababu inadai kusimulia habari za huku: meli ya kivita ya Kijerumani iliyojificha katika delta ya Rufiji wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Ilitokana na riwaya ya Wilbur Smith ya mwaka 1968, ikaongozwa na Peter Hunt na kutoka mwaka 1976, wakiwemo Lee Marvin na Roger Moore. Delta unayoiona humo si ya Rufiji, maana walipiga picha Afrika Kusini. Hilo nalisamehe.

Mambo mawili yalinishinda. La kwanza ni Mohammed, mtumishi wa jangili wa pembe za ndovu. Ndiye mwenyeji mwenye nafasi kubwa kuliko wenzake katika hadithi, naye ni bubu. Juu ya hayo, anaigizwa na Ian Holm, Mwingereza. La pili linakuja pale bomu linapotakiwa kuingizwa melini. Vibarua Waafrika wanapanda na kushuka, na miongoni mwao anatumwa Roger Moore, akiwa amepakwa rangi nyeusi mwilini. Kwa hiyo tunapata sababu ya kuufuata mstari wa wabeba mizigo kwa sababu tu ndani yake yumo mtu wa Ulaya aliyejifanya mmoja wao.

Ni rahisi kuicheka filamu ya zamani ya namna hii. Lakini nilipoifunga na kurudi kwenye vitabu vya historia nilivyokuwa nimebeba, vile vizito, vyenye ramani na picha, niligundua kwamba kasoro ni ile ile, ila huko imevaa suti.

Habari yenyewe ni hii. Meli iliitwa Königsberg. Iliteremshwa majini mwaka 1905, ilikuwa na mizinga 10 ya milimita 105, na nahodha wake aliitwa Max Looff. Ilifika Dar es Salaam mwezi Juni 1914. Vita vilipoanza ilizamisha meli ya mizigo ya Kiingereza karibu na pwani ya Oman, na tarehe 20 Septemba ikaishambulia na kuizamisha HMS Pegasus katika bandari ya Zanzibar. Kisha mitambo ikaharibika, ikarudi kujificha kwenye mito ya delta, upande wa Salale, ambako leo ni wilaya ya Kibiti. Waingereza waliigundua mwishoni mwa Oktoba. Wakaziba mlango mmoja wa mto kwa kuzamisha meli kuukuu, wakaitwaa Mafia mwezi Januari 1915, wakatengeneza huko uwanja wa ndege, na wakaleta meli mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, zinazoweza kupita mtoni. Walishambulia tarehe 6 Julai, wakashindwa. Wakarudi tarehe 11 Julai, na siku hiyo Looff akaamuru meli yake ilipuliwe isitekwe.

Haya yote nayajua kwa sababu yameandikwa, tena yameandikwa vizuri. Looff mwenyewe alitoa kumbukumbu zake. Kamanda wake wa nchi kavu, Lettow-Vorbeck, naye alitoa zake. Wakafuata wanahistoria wa majini kwa miaka 100. Hata mizinga ya meli ile ina anwani: mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, mwingine Jinja, mwingine Pretoria. Ukitaka kuufuatilia maisha yake tangu ulipotolewa melini hadi ulipopakwa rangi ya makumbusho, utaweza. Mzinga una wasifu.

Sasa chukua siku moja, tarehe 6 Julai 1915, uisome taratibu. Severn na Mersey zilifyatua mamia ya makombora siku hiyo. Mikoko ilizuia macho, kwa hiyo rubani alizunguka juu akituma ishara za kurekebisha shabaha. Makombora machache tu yaliipata meli. Yaliyobaki, vitabu vinasema, yalikosa.

Nimekaa na neno hilo siku nyingi. Yalikosa nini? Kombora lililoikosa meli halikuikosa ardhi. Lilianguka mahali. Na delta ya Rufiji si bahari tupu. Ni nchi ya watu, Warufiji na Wanyagatwa, wanaolima mpunga pembezoni mwa mikoko, wanaovua, wanaokata boriti. Mkulima wa Rufiji hujenga dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, akakaa humo na familia yake msimu mzima kulinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe. Simaanishi kwamba najua kombora fulani liliangukia dungu fulani. Ninachosema ni kwamba anayeandika "yalikosa" kisha akaweka nukta, ameamua kwamba swali limekwisha. Ametazama vita akiwa amesimama kwenye sitaha.

Mtu atanijibu: mwanahistoria wa meli anaandika juu ya meli, mbona unamdai asichouza? Ni hoja ya haki, na ningeikubali kama waandishi hawa wangekaa melini. Lakini hawakai. Meli ilipoharibika, sehemu za mitambo yake zilivutwa nchi kavu hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 100, zikatengenezwa na kurudishwa. Ilipokufa, mizinga yake 10 ilitolewa matopeni, ikapelekwa Dar es Salaam, ikawekewa magurudumu, ikaburutwa katika vita vya nchi kavu. Matukio haya husimuliwa kwa furaha kabisa, kama ushahidi wa ustadi wa Wajerumani. Mhandisi anatajwa. Uzito wa mzinga unatajwa. Wavutaji wanatajwa kwa wingi tu: mamia ya watu, maelfu ya wapagazi. Kwa maana ya sarufi, wapo katika sentensi. Lakini hawana njaa, hawana vidonda vya mabegani, hawana shamba waliloliacha wakati wa kupanda.

Na hao ndio waliokufa. Kwa upande wa Waingereza peke yake, hesabu inayotajwa mara nyingi ni wapagazi wapatao 95,000, wengi wao kwa maradhi na utapiamlo, si kwa risasi. Wajerumani hawakuweka hesabu ya wapagazi wao. Jina la Kariakoo limetokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza, nasi tunalitamka kila siku tukienda kununua viatu. Mnara wa Askari, uliozinduliwa mwaka 1927 katikati ya Dar es Salaam, una mtu mmoja, naye ni askari mwenye bunduki. Nairobi walau wamemsimamisha mpagazi pembeni ya askari.

Je, inawezekana kuandika vya Rufiji kwa namna nyingine? Imewezekana, tena kwa Kiswahili. Miaka 10 kabla ya Königsberg, vita vya Maji Maji vilichukua moto wake kutoka Ngarambe, Rufiji, kwa Kinjikitile Ngwale, aliyenyongwa Mohoro mwezi Agosti 1905. Ebrahim Hussein alipoandika Kinjeketile, uliotoka mwaka 1969, hakuanza na mganga wala bunduki. Alianza na wanawake wawili wanaozungumzia shida na njaa, wakati wanaume wako kwenye kazi ya kulazimishwa. Vita vinapokuja, msomaji tayari anajua vitaangukia jiko la nani. Hilo ndilo ninalolikosa katika vitabu vya meli. Sisemi Hussein hana deni, kwani wanawake wale wenyewe wanaitwa Bi Kitunda na Bi Kinjeketile, kwa majina ya waume zao. Lakini wanasema. Hakuna aliyewafanya bubu. Abdulrazak Gurnah, katika Afterlives ya mwaka 2020, amefanya jambo la jamaa na hilo kwa Vita Kuu yenyewe: vita vinapita, na sehemu kubwa ya riwaya inabaki na waliorudi, katika mji mdogo wa pwani, wakijifunza tena kufanya kazi, kupenda na kulala usiku.

Ningeweza kuishia hapo, na makala yangekuwa ya vitabu tu. Lakini nilikuwa Kibiti, na Kibiti ina vita vyake ambavyo hata jina la vita hatukuvipa. Tuliviita "mauaji ya Kibiti". Kati ya mwaka 2016 na 2017 watu zaidi ya 30 waliuawa katika wilaya za Mkuranga, Kibiti na Rufiji, wengi wao wenyeviti na watendaji wa vijiji, viongozi wa chama, na polisi. Tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi wanane waliuawa kwa siku moja eneo la Mkengeni. Bodaboda zilipigwa marufuku usiku. Kanda maalumu ya polisi ikaundwa. Kisha, kwa waliokuwa mbali, habari ikaisha.

Asubuhi niliagiza chai na chapati mgahawani, nikamwamkia mama mwenye mgahawa, na baada ya maneno mawili matatu nikamuuliza miaka ile ilikuwaje. Alifuta meza ambayo ilikuwa safi tayari.

"Hayo tumeyaacha, mwanangu," alisema. "Chai ikipoa haina utamu."

Sikumuuliza tena. Nilikuwa mgeni niliyekuja na vitabu kuhusu meli, naye alikuwa na haki ya kunyamaza. Ila tofauti ni kubwa kati ya mtu anayenyamaza na mtu aliyenyamazishwa na anayemsimulia, na kazi ya mwandishi ni kuijua tofauti hiyo.

Aliyekuwa akiijua ni Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea wa Mwananchi aliyeishi Kibiti na kuandika habari za mauaji yale. Sijawahi kuona mtu akiziweka habari za namna hiyo katika somo la fasihi, na nadhani tunakosea. Habari fupi ya mwandishi wa wilayani ina masharti yanayovishinda vitabu vyangu vizito: nani, kijiji gani, saa ngapi, ameacha nani. Haiwezi kuandika "yalikosa" na kuweka nukta, kwa sababu mhariri atapiga simu kuuliza yaliangukia wapi. Tarehe 21 Novemba 2017 Azory alitoweka. Mkewe alisema alichukuliwa na watu waliokuja na gari jeupe. Julai 2019 Palamagamba Kabudi, akiwa Waziri wa Mambo ya Nje, aliiambia BBC maneno yaliyoeleweka kwamba mwandishi huyo amekufa, kisha ikafafanuliwa kwamba hakumaanisha hivyo. Familia yake ikabaki pale pale, kati ya sentensi mbili.

Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walipewa kazi ya kwenda vijijini, kukaa na wazee na kuandika walichokumbuka juu ya Maji Maji. Walikuwa vijana wa umri wetu. Mengi tunayoyajua leo juu ya vita vile kwa sauti za waliopigana na waliokimbia tunayajua kwa sababu walikwenda. Mwaka ule ule Wilbur Smith alitoa riwaya yake. Mtu aliyekuwa kijana Salale tarehe 6 Julai 1915 angekuwa mzee wa miaka 70 hivi, bado anaweza kukaa barazani akaonyesha kwa kidole makombora yaliangukia wapi. Swali lile la Königsberg lingeweza kuulizwa wakati huo. Leo hakuna wa kumuuliza.

Wa mwaka 2017 bado wapo. Waliokuwa na miaka 15 wakati bodaboda zinapigwa marufuku ni watu wazima sasa, wanauza korosho madirishani, wanafundisha, wanalea. Wengine watasema chai imepoa, nasi tutaheshimu. Wengine wanasubiri kuulizwa na mtu atakayerudi mara ya pili na ya tatu, atakayejua majina ya vijiji kabla ya kufika. Basi langu la Dar lilipoingia stendi nilikuwa na vitabu vinne begani na jina la mtu mmoja tu wa Kibiti kwenye daftari, jina la mama wa mgahawa, ambalo sikuwa nimepewa ruhusa ya kulitumia. Sijaliandika hapa.