Kisa cha Zau: Jinsi Msiba Ulivyotiwa Ndani ya Mchezo

Vibanda vya gemu vya miji yetu ya pwani, kuanzia Kilifi hadi Malindi, aghalabu huishi kwa kandanda: kijana hulipa kwa mechi, akishindwa humpisha mwenziwe na kumkabidhi pedi, na hesabu ya mwenye kibanda hukaa sawa kwa kuwa kila mechi ina dakika zake zinazojulikana. Katika biashara ya namna hiyo mchezo wa kisa, unaomtaka mtu mmoja aketi saa nane au kumi akimfuata shujaa mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, hauna pahali. Na kwa sababu hauna pahali, wengi wa vijana wa Adu na Magarini huujua kwa kuutazama katika simu, si kwa kuucheza. Ndiyo maana suali linaloulizwa juu yake huwa ni la fedha: je, ni haki kununua kitu kitakachokwisha kwa siku mbili? Mimi nasadiki kuwa ni haki, kwa sharti moja, nalo ni kwamba vita vilivyomo viwe vyenyewe vinasimulia, visiwe kazi ya kupitisha wakati baina ya sura moja ya hadithi na nyingine. Mfano ulio karibu nasi ni Tales of Kenzera: ZAU, uliotolewa tarehe 23 Aprili 2024.

Aliyeubuni ni Abubakar Salim, mwigizaji aliyezaliwa Uingereza katika ukoo wenye asili ya Kenya, ambaye babake, aliyemtia mapenzi ya michezo hii tangu utotoni, alifariki kwa maradhi ya saratani mwaka 2013. Kabla ya mchezo huu Salim alikwisha kumpa sauti Bayek katika Assassin's Creed Origins ya mwaka 2017, hekaya ya baba anayezunguka Misri ya kale akitaka kisasi cha mwanawe aliyeuawa. Na ni jambo la kuzingatiwa kwamba alipopata nafasi ya kutunga kisa chake mwenyewe aliigeuza kadhia ile, mwana akawa ndiye aliyefiwa. Lakini Misri ya Bayek ni pana mno, na katika upana ule huzuni hupotelea mbali, kwani mfiwa anaweza kuacha kisasi chake njiani akaenda kuwinda viboko au kushindana mbio za magari ya farasi, naye asilaumiwe na mtu. Zau, shujaa wa mchezo wa Salim, hakupewa ruhusa hiyo.

Kisa chake kimetiwa ndani ya kisa kingine. Zuberi, kijana wa mji wa zama zijazo, amefiwa, na katika kitabu alichoachiwa na babake anasoma habari za Zau, mganga kijana aliyefunga mapatano na Kalunga, mungu wa mauti: akimletea mizimu mitatu mikuu, babake atarejeshwa duniani. Zaidi ya hapo hakuna mengi ya kueleza, na uchache huo ni ustadi, maana mchezaji akijua tangu dakika za mwanzo lengo ni nini, kila pigo atakalopiga baadaye litakuwa na sababu.

Zau hupigana kwa vinyago viwili. Kinyago cha Jua ni cha moto na cha kupigana ana kwa ana. Kinyago cha Mwezi ni cha barafu na cha kurusha kutoka mbali. Na kubadilisha kimoja kwa kingine ni kubonyeza mara moja tu, hata akiwa angani katikati ya mruko, basi mkono ukizoea pigano hushika mwendo kama wa ngoma. Haya ni mazuri, ila si ndiyo makubwa. Kubwa ni nguvu ya roho, akiba ambayo hujaa kadiri anavyopigana. Hebu tumtazame akiwa amezingirwa: uhai umebaki kidogo, akiba imejaa mara moja tu, na akiba hiyo ni moja kwa kazi mbili, yaweza kumponya au yaweza kutolewa kwa pigo zito la ghadhabu. Akipiga, hana tena dawa. Akijitibu, maadui wangali wamemkabili. Mtunzi hakuandika popote kwamba mwenye msiba anayejitia katika hasira huilipia kwa kupona kwake, lakini kidole cha mchezaji kimekwisha kulijua jambo hilo kabla ya akili kulitamka, na hapo ndipo vita vinapogeuka kuwa usimulizi.

La pili ni mibuyu. Mwingine angaliuweka uhai wa ziada katika sanduku, shujaa akalifungua na kwenda zake. Hapa Zau huketi chini ya mbuyu, huzungumza na Kalunga juu ya marehemu babake, na anapoinuka uhai wake umeongezeka. Sisi wa Kilifi, tulioona mibuyu yetu iking'olewa mwaka 2022 ipelekwe nchi ya Georgia kupamba bustani ya watu, hatuhitaji kufafanuliwa kwa nini mti huo na si mwingine. Wala Mgiriama, ambaye jamaa zake humsimamishia kigango, nguzo ya ukumbusho, mzee wa chama cha Gohu aliyefariki, hatashangaa kuona huzuni ikipewa mahali pake maalumu pa kuketi.

Ufupi, basi, umetoka katika umbo lenyewe. Nchi ni tatu, za milima, misitu na jangwa. Mizimu ni mitatu. Kila nchi humpa Zau uwezo mpya wa kufungua njia, na mapatano yakitimia hakuna kilichobaki cha kufanya. Lau mchezo ungalirefushwa hadi saa thelathini, aina za maadui, ambazo hata sasa ni chache na huanza kuchosha katika theluthi ya mwisho, zisingaliweza kuubeba.

Aibu yake iko pengine. Kuna mbio za kukimbia maangamizi ambamo kugusa mwiba mmoja ni kufa na kurudishwa nyuma, tena na tena, hata mtu akakereka. Na katika kisa kilichoyapa mauti uzito wote, kuyafanya jambo la kurudiwa mara kumi kwa robo saa ni kukivunja kisa kwa mkono wa mtunzi mwenyewe. Hata hivyo, jopo la tuzo za BAFTA liliutunuku mchezo huu mwaka 2025 katika fungu la michezo yenye faida kupita burudani, na nakubaliana nalo.

Anayetazamia kaya zetu za Mijikenda humu hatazikuta, kwa maana mizimu imekusanywa kutoka pande nyingi za Afrika, na Impundulu, ndege wa radi, ni wa kusini kabisa. Alichopewa mtu wa pwani ni sauti: mchezo mzima waweza kusikilizwa kwa Kiswahili. Nashauri achague hivyo tangu mwanzo, kwa kuwa Kalunga na Zau hujibizana hata safarini, wakati mchezaji anaruka magenge, na asiyelazimika kusoma maandishi chini ya picha huyaacha macho yake yote kwenye miiba.