Mtaala wa Historia kwa Watoto wa Nyumbani: Namna ya Kutambua Ulio Bora

Mzazi anayesomesha watoto nyumbani hakosi mitaala ya historia ya kuchagua. Ipo yenye picha za kupendeza, ipo yenye ramani za kupaka rangi na ratiba ya kila wiki, ipo inayoahidi kumtembeza mtoto kutoka Misri ya mafarao hadi leo. Yote hayo humpunguzia mzazi kazi, ila hayasemi kama historia iliyomo ni nzuri au mbovu. Kwa mtoto wa miaka 6 hadi 12, ubora wa mtaala umo katika namna unavyomwonyesha jinsi habari zake zilivyopatikana. Mtaala unaolificha jambo hilo humzoesha mtoto kuamini chochote kilichochapishwa, na mazoea hayo hayavunjiki kirahisi akishakua.

Kuupima si kazi kubwa. Acha utangulizi, fungua ukurasa unaohusu mahali unapopajua. Kwa mzazi wa Afrika Mashariki, Kilwa inatosha. Mtaala dhaifu utasema mji ulianzishwa na Washirazi kutoka Uajemi, ukatajirika kwa dhahabu, Wareno wakauteka mwaka 1505, basi. Mtaala wa kuaminika utamweleza mtoto kwamba habari za Washirazi zimo katika tarikh ya Kilwa, yaani masimulizi ya kale ya mji huo, iliyoandikwa karne nyingi baada ya mambo inayoyasimulia. Utaongeza kwamba wanaakiolojia waliochimba Shanga, mji mwingine wa kale wa pwani, kisiwani Pate, walikuta chini ya msikiti wa mawe mabaki ya misikiti midogo ya miti iliyoanzia karne ya 8, dalili kwamba mji huo ulikua polepole kutoka kijiji cha wenyeji. Ukiwa wa karibuni, utataja pia utafiti wa vinasaba uliochapishwa 2023: wengi kati ya waliopimwa kutoka makaburi ya kale ya pwani walikuwa na asili ya Kiafrika hasa kwa upande wa kina mama, na ya Kiajemi hasa kwa upande wa kina baba. Kumbe tarikh haikubuni kila kitu, wala haikusema kila kitu. Mtoto wa miaka 9 akilielewa hilo, amejifunza historia kuliko mwenzake aliyekariri majina kumi ya masultani.

Baada ya ushahidi, tazama sababu. Kitabu kikisema wafanyabiashara walitoka Arabuni na India, je, kinataja kaskazi iliyosukuma majahazi kuja kwetu na kusi iliyoyarudisha? Anayezijua pepo hizo ataelewa mwenyewe kwa nini wageni walikaa miezi kadhaa bandarini, wakaoa, wakaacha watoto. Vivyo hivyo kwa Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 dhidi ya utawala wa Wajerumani. Kitabu kibovu hukomea kwenye dawa ya Kinjekitile, kana kwamba watu walipigana kwa kudanganywa na mganga. Kitabu kizuri huanza na kodi, kazi za kulazimishwa na mashamba ya pamba, kisha hueleza kwa nini makadirio ya waliokufa hutofautiana sana, kuanzia 75,000 hadi 300,000: Wajerumani walichoma mazao na vyakula, wengi wakafa kwa njaa, na hakukuwa na aliyewahesabu.

Wapo watakaosema mtoto mdogo hataki ushahidi, anataka hadithi. Ni kweli anataka hadithi, na mtaala usio na masimulizi haufai. Mwalimu Mwingereza Charlotte Mason, ambaye mawazo yake yanafuatwa na familia nyingi zinazosomesha nyumbani, alimtaka mtoto asikilize kifungu mara moja kisha akisimulie kwa maneno yake. Kipimo hicho kinafaa kabisa: soma kurasa mbili, funga kitabu, mwache mtoto asimulie. Akibaki na tarehe zisizoshikana, kasoro imo kitabuni. Ila hadithi na ushahidi havigombani. Kisa cha msafiri Ibn Battuta kufika Kilwa mwaka 1331 kina safari, sultani na ukarimu, na papo hapo kinamfundisha mtoto tofauti ya aliyeona kwa macho na aliyesimuliwa.

Pingamizi zito zaidi ni la mtihani. Mtoto anaweza kurudi shuleni, na somo kama Historia ya Tanzania na Maadili litamdai jibu moja. Hoja hiyo ina uzito, na ndiyo maana mtaala wa nyumbani usiachane mno na silabasi ya nchi. Lakini ajuaye chanzo cha jambo hukumbuka na mwaka wake, ilhali aliyekariri mwaka peke yake huusahau mtihani ukiisha. Kuhusu hofu kwamba mashaka yatamvunja mtoto imani, tumtazame E. H. Gombrich, aliyewaandikia watoto historia ya dunia huko Vienna mwaka 1935. Miaka mingi baadaye aliongeza sura, akasahihisha alichoandika kuhusu mwisho wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kitabu hakikushuka hadhi, na hadi leo kinasomwa.

Basi unapochagua kati ya mitaala miwili, chukua unaotaja vyanzo vyake, unaoeleza sababu na unaosimulika, hata kama karatasi yake ni duni na hauifikii kila karne. Karne zilizorukwa hujazwa kwa kitabu cha kuazima au kwa ziara ya makumbusho. Afrika ikitokea tu pale wageni wanapotia nanga, usiununue, kwa sababu kasoro hiyo iko kwenye mpangilio mzima, na hutaweza kuirekebisha kila jioni. Na kama mtaala dhaifu umeshanunuliwa, utumie kwa ratiba na ramani zake, halafu masimulizi yatafute kwingine.